Majani Juu ya Maji

Ukipita vijiji vya Bahi au Manyoni mwezi wa tisa au wa kumi, kiangazi kikiwa kimekaza na vumbi limevipaka vitu vyote rangi moja, kuanzia mabati ya nyumba hadi kope za watoto, utakutana na wanawake wanaotoka kuteka maji. Tazama ndoo zao. Juu ya maji, katika ndoo isiyo na kifuniko, huelea kitawi chenye majani mabichi. Mgeni hudhani ni takataka zilizodondokea humo, au dawa, au pengine pambo. Sivyo. Majani yale yamechumwa yakatiwa kwa makusudi, na kazi yake ni moja: kuyazuia maji yasichezecheze na kumwagikia mgongoni njia nzima. Kwingine huwekwa bakuli la bati au kipande cha kibuyu, na mjini, ambako hata jani la kuchuma lina mwenyewe, watu hutia sahani ya plastiki. Lakini kinachonikaa kichwani ni kile kitawi. Hakipunguzi uzito hata kidogo. Tena kinauongeza, ingawa kwa kiasi cha unyoya. Hakifupishi njia, hakiondoi mawe. Maji ni yale yale, mbebaji yule yule, jua lile lile. Hata hivyo aliyekitia na asiyekitia hawafiki nyumbani na maji sawa.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Kila hatua inayopigwa huyasukuma kidogo kuelekea ukingoni. Yakigonga ukingo hurudi. Yakirudi hukutana na msukumo wa hatua inayofuata. Wimbi la kwanza ni dogo mno hata jicho halilioni. Yanayofuata hupokezana, kila moja likimwachia mwenzake nguvu kidogo, mpaka lije moja linaloruka ukingo na kukulowesha shingo. Mwaka 2012 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, kule Santa Barbara, walichapisha utafiti juu ya jambo ambalo wengi wangeona haya kulitafiti: kwa nini kahawa humwagika mtu anapotembea na kikombe. Walikuta kwamba lawama haiuangukii mkono peke yake. Kahawa ndani ya kikombe ina mwendo wake wa asili wa kwenda na kurudi, na mwendo huo unakaribiana na mwendo wa hatua za binadamu. Miendo miwili ikishapatana, msukumo mdogo hulisha msukumo mdogo mpaka kikombe kinafurika. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine wakaonyesha kuwa tabaka chache za povu juu ya kimiminika hutosha kukivunja nguvu. Ikiwa povu linaweza, majani nayo yanaweza: maji hulazimika kupenya baina ya vitu vidogo vidogo, yakasuguana navyo, yakachoka kabla ya kufika ukingoni. Na yeyote aliyewahi kubeba atakuambia jambo moja zaidi: ndoo iliyojaa nusu husumbua kuliko iliyojaa, kwa sababu maji yake yana uwanja wa kuchezea.

Nadhani wasiwasi wa zama hizi hutumwaga kwa njia hiyo hiyo. Pigo kubwa tunalijua namna ya kulipokea. Msiba ukiingia, turubai hufungwa, viti huazimwa, masufuria makubwa huja bila kuitwa, na hata mtu aliyenuniana na marehemu mwaka mzima huonekana akichanja kuni uani. Mwili wa jamii hukaza misuli yake wenyewe. Kinachotuharibu ni misukumo midogo inayokuja kwa mpigo: ujumbe wa alfajiri kutoka kwa ndugu aliyefukuzwa kazi, bei ya mafuta ya kula, ada inayodaiwa, video ya mafuriko ya mji ambao hujawahi kufika, uvumi, kanusho la uvumi, kisha uvumi juu ya kanusho. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumwangusha mtu mzima. Lakini simu ina mwendo wake, na moyo una mwendo wake, na siku hizi miwili hiyo imezoeana kupita kiasi. Saa nane za usiku mtu yuko macho, hakuna aliyemgusa, na maji yanaruka ukingo.

Sisemi kwamba hofu zenyewe ni za kubuni. Hofu za maji peke yake zinatosha kuwa mfano. Wahenga walitupa dalili ya mvua, nayo ni mawingu. Miaka hii mawingu huja, yakajikusanya, yakaguna, kisha yakaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia ilipita misimu mitano ya mvua mfululizo bila mvua ya maana, na ng'ombe wakafa wamesimama. Oktoba 2022 Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, ulipungua hata jiji likaingia kwenye mgao, na watu waliokuwa wamesahau uzito wa ndoo wakaukumbuka kwa shingo zao. Mikokoteni ya madumu na maboza ya maji yakawa wafalme wa mtaa. Haukupita muda, maombi ya mvua yakajibiwa kupita yalivyoombwa. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliteremsha matope na mawe juu ya mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalifagia nyumba za Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa la Kenya, wenyewe wakiwa usingizini. Mkulima wa leo hutazama juu akiwa na hofu mbili zilizopingana: kwamba wingu litapita, na kwamba wingu halitapita. Kichwa kimoja kubeba hofu mbili za namna hiyo si jambo dogo, na anayemwambia mtu kama huyo atulie tu, mambo yatakuwa sawa, ni heri angenyamaza.

Wala hofu haipimwi kwa ukubwa wa tukio. Kijana anayengoja matokeo ya kidato cha nne anaweza kutetemeka siku ile ile ambayo mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, unakimbia risasi, na hatukosi mzee wa kumkemea kwamba wenzake wana shida za kweli. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Sisimizi wa methali hiyo hazami kwa mzaha.

Basi majani ya mtu ni yapi? Nimelizungusha swali hili kwa muda, na kila nikitafuta jibu kubwa linanitoroka, kwa sababu kitawi hakina ukubwa wowote. Ninachokiona ni vijambo. Kuna mama ambaye kila alfajiri, kabla hajamsemesha mtu, hufagia uwanja wake wa udongo mpaka alama za fagio zilale upande mmoja. Kufikia saa tatu kuku na watoto wameshauvuruga, na yeye anajua, na kesho atafagia tena. Kuna fundi cherehani barazani anayeanza siku kwa kupangua vifungo alivyovipanga jana. Kuna salamu zetu ndefu, zile ambazo wenye haraka wanazidharau: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Mtu huitika nzuri hata pale habari zikiwa mbaya, kisha, akishafika salamu ya nne au ya tano, sauti hulegea akasema ila kidogo mtoto anaumwa. Kuna vipindi vitano vya sala vinavyoikatakata siku vipande, na kuna misa ya asubuhi na mazoezi ya kwaya ya Alhamisi. Kuna mchezo wa upatu, ambao kwa hesabu za benki hauleti faida hata senti, maana unatoa kiasi kile kile ulichoingiza. Lakini aliyewahi kucheza anajua kwamba kila wiki kuna mtu anakuja kuuliza kama upo. Hakuna kati ya haya kinachofuta deni wala kuleta wingu. Yanaelea tu juu ya siku, na wimbi la hofu likija linalazimika kupenya katikati yake, lifike ukingoni limechoka.

Sharti ni moja: kitawi hutiwa kabla ya kuondoka kisimani. Ukishakuwa njiani, ndoo iko kichwani, maji yameshaanza kucheza, huwezi kuinama kuchuma. Ndiyo maana huwa sina imani sana na utulivu unaotafutwa wakati wa dharura, ukumbini, kwa tiketi, kutoka kwa mhamasishaji mwenye kipaza sauti shavuni. Pengine unasaidia wengine. Mimi naona kama kumfundisha mtu kuogelea meli ikiwa imeshainama.

Njoo sasa kwenye shingo. Tukiona mwanamke anatembea wima, mikono ikining'inia, ndoo imekaa kama imeota pale, tunasema ametulia. Kaa nyuma yake hatua chache utazame vizuri. Nyonga zinapokea kila bonde la njia, magoti yanakunjuka mapema au kuchelewa kulingana na jiwe, shingo inajirekebisha huku na huku kwa vipimo ambavyo mwenyewe hawezi kuvieleza. Chini ya ndoo kuna ngata, kipande cha khanga kilichosokotwa kuwa duara, ambacho kazi yake ni kuupatanisha mviringo wa kichwa na ubapa wa kitako cha ndoo. Hakuna kitu kilichosimama katika mwili ule. Mizani yake ni kazi isiyokoma, na ikikoma kwa muda wa kufumba jicho, maji yako chini, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake, waliowapima wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu wakitembea na mizigo. Ilionekana kwamba wangeweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Karibu miaka 10 baadaye, mwaka 1995, uchunguzi mwingine ukaeleza namna: mwili unaotembea hupanda na kushuka kama pendulamu, na wale waliozoea mzigo tangu utotoni walipoteza nguvu kidogo kuliko wengine katika kila mpando na mshuko. Mzigo ulikuwa umewafunza mwendo.

Habari hiyo inavutia, na ndiyo sababu inafaa kuishika kwa uangalifu. Watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini baadaye hawakukuta muujiza huo kwa wote. Wengine walibeba kwa wepesi, wengine walilipa kila kilo kwa jasho. Shingo nazo husema lake usiku, pale zinapokandwa kwa maji ya moto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna anayeuona mwepesi kuliko mwandishi aliyeketi dirishani mwa basi akisifia mwendo wa watu. Tanzania tuna kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na kwa maoni yangu kaulimbiu hiyo ina hekima kuliko nusu ya mashairi yaliyoandikwa kumsifu mama huyo kwa uvumilivu. Ustadi wa kubeba haupaswi kuwa sababu ya kuacha bomba lisifike. Mtu anaweza kuwa amefuzu kuishi na mashaka, akawa hodari wa kuunga siku na siku, na bado ikawa haki yake kuuliza kwa nini mashaka hayo yamewekwa juu yake yeye na si juu ya mwingine. Subira iliyosifiwa mno huwa starehe ya wasiobeba.

Lakini hata kabla ya bomba kufika, kuna jambo linalotendeka kisimani ambalo picha za kadi za posta hazilionyeshi, kwa kuwa mpiga picha humngoja mbebaji akiwa ameshasimama. Ndoo ya kilo 20 iliyojaa hadi ukingo ni shida kuifikisha kichwani peke yako. Unaweza kujitwika kwa kupiga goti na kupitia paja, ukiwa na nguvu na ukikubali kumwaga robo. Kwa kawaida mtu husema, nitwishe mwenzangu. Yule aliye karibu, awe rafiki au mtu mliyegombana juu ya foleni dakika kumi zilizopita, hushika upande wake wa ndoo, wote wawili huinama, huhesabu kwa pumzi, na mzigo hupanda. Tena kuna adabu zake. Anayetwisha haachii mpaka aone macho ya mwenzake yamekaa sawa. Haulizi maji haya ni ya kupikia au ya kufulia. Na wa mwisho kubaki kisimani, asiye na wa kumtwisha, husubiri mpita njia bila kuona aibu, na mpita njia naye, hata akiwa mwanamume amevaa suti ya harusi, huweka kando alichoshika. Mizani yote ile ninayoisifu, nyonga na shingo na ngata, ilianzia katika mikono minne.

Hilo ndilo linalonifanya nitilie shaka namna tunavyoongea siku hizi juu ya kujiimarisha, kana kwamba kila mtu ana kisima chake na njia yake na anatafuta tu mbinu bora ya shingo. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, safu za watu zilionekana zikihama na magodoro, sufuria na madumu ya manjano vichwani, wengine wakisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo mji ule umejengwa nayo. Katika safu kama zile hakuna anayetembea kwa mbinu. Mtoto hubebwa na asiye mama yake, kilima kikifika chukudu ya mtu mmoja husukumwa na watatu, na anayetua apumzike lazima awepo wa kumtwisha tena, la sivyo pumziko lake ndilo mwisho wa safari. Simaanishi kwamba dhiki huwafanya watu wema; huwafanya pia wezi na wasaliti, na waliopita huko wanajua hayo kuliko mimi. Nasema tu kwamba ukiuliza nini kiliwafikisha waliofika, jibu huwa na jina la mtu ndani yake.

Na matumaini? Methali inatuahidi kwamba baada ya dhiki faraja, na sina ugomvi nayo, ila inatuonyesha ng'ambo wakati sisi tuko katikati ya mto. Mimi naona matumaini yanafahamika vizuri zaidi katika nchi kavu, kwa watu wasiotegemea sana yale yanayoonekana juu. Katika Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, na makorongo yakishakauka yanabaki mchanga mtupu, mweupe, unaounguza nyayo. Watu huuchimba. Huchimba kwa mikono na kwa bakuli, kiuno, kisha kifua, mpaka mchanga unabadilika rangi, kisha unakuwa na unyevu, kisha kwenye kitako cha shimo linatokeza jicho la maji. Huwezi kulikimbilia. Unachota kata moja, unangoja lijae, unachota nyingine, na ndoo moja yaweza kuila asubuhi yote. Mtu anayengoja pale hana hakika ya masika yajayo. Ana hakika ya masika yaliyopita, kwamba yalinyesha, na kwamba si maji yote yaliyokwenda baharini.

Wakamba wa Machakos, Makueni na Kitui wameuchukua ujuzi huo wakaujengea ukuta. Vikundi vyao vya kazi za pamoja, mwethya, hukusanya mawe na saruji na kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu, msingi wake ukikaa juu ya mwamba. Mto unapokuja juu, ukuta huzuia mchanga, na mchanga ndio hubeba maji, kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wake, mahali ambapo jua haliyafikii na mbu hawatagi. Anayeliona bwawa hilo msimu wa kwanza anaweza kucheka, maana kilichojaa si maji, ni mchanga, tena labda hata huo haujatosha. Huchukua misimu kadhaa mpaka bwawa lijae hadi ukingoni. Kazi yenyewe hufanywa kiangazi, katika miezi ile ile ambayo bei ya dumu iko juu, ng'ombe wamekonda na kila mtu ana sababu nzuri ya kubaki nyumbani akihesabu hofu zake. Mawe hupitishwa kwa mkono, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, juu ya kitanda cha mto ambacho hakina hata tone. Ajizi haina nafasi hapo, wala imani kubwa haihitajiki. Ukuta huo hauwezi kujengwa wakati mwingine wowote, kwa sababu mto ukishajaa hakuna awezaye kuchimba msingi ndani yake.